Simu Juu ya Bega: Nilivyojifunza Kufundisha Ushonaji kwa Video

Video yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 7. Niliweka simu kwenye kiti mbele ya cherehani, ikinitazama, nikafundisha mambo matatu kwa mkupuo: kubadilisha sindano, kujaza bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) na kurekebisha mkazo wa uzi. Nikawatumia kwa WhatsApp wanafunzi wangu 4, wale wanaokuja kibandani kwangu Uhuru Market, Nairobi, Jumamosi tu kwa sababu siku nyingine wako kwenye vibarua. Jioni binti mmoja wa Kayole akanipigia. "Mama, nimefanya vile vile ulivyofanya, lakini mshono unaruka."

Nikamwambia anipigie sindano picha. Aliiweka kinyume. Aliiga alichokiona, na kwa kuwa tulikuwa tumetazamana, kulia kwangu kulikuwa kushoto kwake. Iliniuma, maana alikuwa ameshaharibu kitambaa cha mteja kwa kunifuata mimi.

Sindano ya cherehani ina mfereji mrefu upande mmoja. Upande wa pili, juu kidogo ya tundu, ina kibonde. Mfereji lazima utazame upande ambao uzi unaingilia. Sindano ikishuka, uzi hulala ndani ya mfereji huo. Ikianza kupanda, uzi unalegea na kufanya kitanzi pale kwenye kibonde, na ndoano ya chini inakidaka. Ukigeuza sindano, ndoano inapita patupu. Jambo hili ukimweleza mtu kwa mdomo ataitikia tu. Akiliona kwa karibu, halimtoki.

Basi nikahamisha simu. Niliifunga kwa lastiki kwenye rafu iliyo juu ya bega langu, kamera ikitazama chini, ili mwanafunzi aone mikono kama anavyoiona yake. Uso wangu haumo kabisa. Hapo nikakutana na tatizo la kivuli: taa ya kibanda iko nyuma yangu, na mkono ulikuwa unaifunika sindano. Sasa narekodi asubuhi, mwanga wa dirisha ukiingia kutoka kushoto. Sindano nayo inang'aa, kamera inashindwa kuikamata, kwa hiyo nasimamisha kipande cha karatasi nyeupe nyuma yake. Nashonea uzi mwekundu kwenye amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba. Uzi mweusi kwenye kitambaa cha bluu hauonekani kwa mtu mwenye simu ndogo.

Kelele za Jogoo Road sikuziweza. Sauti naiweka usiku nyumbani, watoto wakishalala.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni kuanza na kosa. Naigeuza sindano makusudi, nashona mstari mmoja, nasogeza kitambaa karibu na kamera ili ionekane pale uzi ulipovuka bila kushika. Nanyamaza kidogo. Kisha nalegeza skrubu, naigeuza sindano, naisukuma juu hadi mwisho, nakaza, nashona tena kando ya mstari ule ule. Video nzima haifiki dakika moja, na ni jambo moja tu. Wanafunzi wangu wananunua bando za siku, na video nzito wanaiahirisha hadi wanaisahau. Mambo matatu ni video tatu, hata kama kurekodi kunanichukua asubuhi tatu.

Wale 4 nao ndio wakaguzi wangu. Kabla sijaituma kwa mtu mwingine, mmoja wao anaitazama na kufanya mbele yangu bila kuniuliza kitu. Akisita mahali, narekodi upya mahali hapo.

Wiki iliyopita binti wa Kayole alinitumia video yake mwenyewe, sekunde 40, zipu ya sketi, mikono tu. Simu aliifunga juu ya kabati kwa kipande cha leso. Mguu wa zipu unaonekana wazi ukipita kando ya meno bila kuyakanyaga, pembe ya kamera ambayo mimi nimeitafuta tangu Januari. Nimemwomba ruhusa niwatumie wenzake. Amekubali, ila anataka kwanza airekodi tena mchana, kukiwa na mwanga.