Hemani Hakumalizia kwa Shangwe

Masomo ya wiki: Zaburi 88, 2 Samweli 1:17-27, Ezekieli 4:1-3

Wapendwa katika Bwana,

Wiki hii naomba tuisome zaburi ambayo wengi wetu huipita haraka tukielekea ile ya 91. Zaburi ya 88 ni utenzi wa Hemani Mwezrahi. Anaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wake, na faraja yote ya zaburi hiyo imo katika wito huo. Kuanzia hapo ni shimo, ni kaburi, ni mawimbi yanayomfunika, ni marafiki waliomkimbia. Mara tatu anamkumbusha Bwana kwamba amemlilia: mchana na usiku, kila siku, asubuhi. Kisha mstari wa 18 unafunga: “Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani.” Basi. Ukigeuza ukurasa kutafuta sifa, unakuta ni zaburi nyingine ya mtu mwingine.

Sasa tazameni maandishi yaliyo juu yake. Utenzi huo ulikabidhiwa mwimbishaji. Kilio cha mtu aliyeona ameachwa kilipelekwa kwa kiongozi wa waimbaji, kikafundishwa, kikaimbwa katika ibada. Hakuna aliyeuongezea ubeti wa ushindi ili watu wasivunjike moyo. Umekaa vile vile katikati ya zaburi 150 mpaka ukatufikia sisi hapa Kisumu.

Nayasema haya kwa sababu ya jambo ninaloliona katika makanisa yetu, iwe ni mjini hapa, Siaya, Kakamega au Nakuru. Mtu husimama kwenye ushuhuda, aanze kueleza kwamba mtoto wake amelazwa tena na hajui karo ya huyo mwingine itatoka wapi. Kabla hajafika mbali, anayeongoza ibada anadakia, “Lakini Mungu ni mwema!” Nasi tunaitikia, “Kila wakati!” Yule mama anatabasamu, anaketi. Mungu ni mwema kweli, kila wakati, na ningekufa nikiliungama hilo. Lakini yule mama hakuwa amemaliza kusema. Amerudi nyumbani na maneno yake nusu, na kwa kuwa tumemwonyesha kwamba kanisani hayana nafasi, hatayaleta tena.

Naamini Mungu ametupa mahali pa kuyamalizia maneno hayo. Mahali hapo ni pamoja na shairi, wimbo, picha, na kitu kilichofinyangwa au kuchongwa kwa mkono. Sizungumzii vipaji vya jukwaani wala mashindano ya kwaya. Nazungumzia Mkristo wa kawaida mwenye daftari na kalamu ya risasi, aliyebeba jambo zito asilojua kulisema katika maombi ya kawaida. Akiliandika au akilichora mbele za Mungu, ameomba.

Mtazameni Daudi siku aliyoletewa habari za Gilboa. Sauli amekufa, na Yonathani amekufa. Hebu fikirini yaliyokuwamo moyoni mwa mtu huyo. Sauli alikuwa mfalme wake na mkwewe, tena ndiye aliyemwinda miaka mingi ili amuue. Yonathani alikuwa rafiki aliyempenda kama nafsi yake. Huzuni, mshtuko, pengine na ahueni asiyothubutu kuikiri, vyote vimekuja siku moja kwa mjumbe mmoja. Daudi alirarua mavazi yake, akalia, akafunga hadi jioni. Kisha akatunga.

Na katika utungo ule anasema mambo ambayo hotuba ya mazishi isingeyabeba. Anailaani milima: Gilboa isipate umande wala mvua. Milima haikumkosea mtu, lakini yeyote aliyefiwa anaielewa hasira hiyo inayotafuta pa kuangukia. Anawataja Sauli na Yonathani pamoja, waliopendana katika maisha na wasiotengana katika mauti, wala hagusii hata mara moja mkuki ambao Sauli alimrushia. Mwishoni sauti yake inashuka, anazungumza na Yonathani peke yake, anamwita ndugu yangu. Na mara tatu anarudia: jinsi mashujaa walivyoanguka! Sisi tunaosoma mashairi ya Kiswahili tunakijua hicho. Ni kiitikio. Moyo wenye uchungu huenda ukirudi palepale, na kiitikio kinauruhusu urudi.

Tena Daudi aliamuru wana wa Yuda wafundishwe wimbo huo. Hakuuficha kana kwamba ni udhaifu wa kiongozi. Taifa zima lilijifunza kulia kwa maneno ya mtu mmoja.

Wazee wa huku walilijua jambo hili. Mpigaji wa nyatiti huketi kwenye matanga ya Wajaluo na nyuzi zake nane, njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anayoigongea ala, akamwimba marehemu kwa jina, kwa ukoo na kwa matendo yake. Mwanamume aliyeambiwa tangu utotoni kwamba dume halilii humsikiliza, na machozi yanapata njia. Kwa Waisukha na Waidakho kule Kakamega, isukuti hupigwa harusini na hupigwa mazishini, kwa ngoma zilezile tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Najua baadhi yetu tulifundishwa kwamba vitu hivi vyote ni vya dunia, na yapo mambo ya matanga ambayo mwamini ana sababu ya kuyakataa. Ila tulipoyaacha, wengi wetu hatukuweka kitu mahali pake. Tulibaki na kipaza sauti na ratiba.

Nirudi kwenye Maandiko. Kitabu cha Maombolezo kiliandikwa baada ya Yerusalemu kuchomwa na watoto kufa njaa barabarani. Angalieni hesabu ya mistari yake: sura ya kwanza 22, ya pili 22, ya tatu 66, ya nne 22, ya tano 22. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Katika sura nne za kwanza mtunzi amezifuata herufi hizo kwa mpangilio, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na katika sura ya tatu kila herufi ameipa mistari mitatu. Washairi wa pwani yetu nao walitunga hivyo, kwa kufuata herufi za Kiarabu. Mtu huyu ameona mji wake ukiwa majivu, lakini anahesabu herufi! Zamani nilidhani kazi kama hiyo ni ya mtu aliyetulia. Sasa naona ni kinyume chake. Uchungu usio na mwisho unatisha kuuingia. Mtunzi alipojua kwamba kuna herufi ya kuanzia na herufi ya kuishia, aliweza kuingia na kusema yote bila kuzama.

Abdilatif Abdalla, mshairi wetu wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijarida cha siasa alichokiandika, akakaa gerezani miaka mitatu. Mashairi yake ya huko aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Hata katika hali hiyo hakuacha vina wala mizani. Yeye si Mkristo, lakini mimi namshukuru Mungu kwa ushahidi wake: mtu aliyenyang’anywa kila kitu alibaki na mpangilio wa sauti, na sauti zile zikamshika.

Mama yangu alipofariki, watu wema walinijia na Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wale wampendao. Ni neno la kweli. Nililipokea, nikaliweka kando kwa muda, nikaandika hivi:

Mama kiti chako wazi, huonekani jikoni,
Yananitoka machozi, nikipita uwanjani,
Sina tena usingizi, nakuita kitandani,
Nijibu Bwana Mwenyezi, mbona u mbali mbinguni?

Si shairi kubwa. Lakini mizani nane na nane ilinilazimisha kuchagua maneno, na katika kuchagua nikagundua kitu ambacho sikuwa nimekijua nilipoanza: kwamba nilikuwa namlilia mama mistari mitatu, na wa nne nilikuwa namlalamikia Mungu. Lalamiko hilo lilikuwa ndani yangu wiki nzima likijifanya uchovu. Lilipotoka kwenye karatasi nililiona, na nikaweza kuligeuza uso kwake yeye niliyekuwa namlalamikia. Zaburi 62:8 inatuambia tuifunue mioyo yetu mbele zake. Huwezi kukifunua kitu ambacho hujui kwamba unacho.

Wako wasioweza kuandika lakini mkono wao unachora. Hao nao wana ndugu katika Biblia. Ezekieli alikuwa kuhani aliyechukuliwa mateka, akakaa kando ya mto Kebari, mbali na hekalu alilozaliwa kulihudumia. Mungu akamwambia atwae tofali, aliweke mbele yake, achore juu yake Yerusalemu, kisha auzungushie maboma ya kuuhusuru, yaani kuuzingira kivita. Tunapolihubiri fungu hili tunakimbilia maana ya unabii, na ni sawa. Mimi huwa nabaki kwanza kwenye ule mkono. Huyu ni mtu anayechora mji wa nyumbani kwao, akijua kwamba utaanguka. Ni ukuta upi alianza nao? Mungu angeweza kumpa hotuba tu, maana hotuba alizompa ni nyingi. Safari hii alimpa udongo.

Na kabla ya Ezekieli kuna Yakobo, aliyesimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli. Na kuna Bezaleli, ambaye Bwana alimjaza roho ya Mungu ili abuni kazi za ustadi katika dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Wanaoogopa amri ya pili nawaheshimu, kwa sababu ni amri. Inakataza kukifanya kitu na kukisujudia. Mungu yuleyule aliagiza makerubi ya dhahabu juu ya sanduku lake, basi hakukataza mkono kuumba umbo.

Katika ushirika wetu yuko kijana anayechora mabango ya maduka kule Kondele. Baba yake alikuwa mvuvi, akazama ziwani. Kijana huyu hakusema neno kwa miezi. Kisha akaanza kuchora mikono ya baba yake ikishona wavu. Mikono tu. Alituambia uso bado hauwezi. Mzee mmoja, kwa upendo kabisa, akamwuliza mbona hakuweka hata msalaba pembeni ili picha iwe ya Kikristo. Nililifikiria swali hilo sana. Zaburi ya 88 nayo haina msalaba pembeni. Picha ya mikono ya baba, iliyochorwa na mwana anayemwamini Mungu na asiyeelewa, ni ya Kikristo jinsi ilivyo. Siku msalaba utakapoingia humo, na uingie kwa sababu yeye ameuona, si kwa sababu sisi tumeuhitaji ili tutulie.

Neno moja la tahadhari, nalisema upesi. Si kila kinachotoka moyoni ni cha kupelekwa kwenye stetasi ya WhatsApp usiku huohuo. Mwandikie Mungu kwanza. Mengine yatabaki kati yenu wawili, na mengine utaona wakati wake wa kuwasomea wenzako. Na kama uzito ulio nao unakuambia usiendelee kuishi, usibaki na karatasi peke yako. Mpigie mtu simu leo, uende naye hospitali.

Lakini msidhani kwamba shairi la huzuni linamsaidia aliyeliandika tu. Bwana wetu alipotundikwa msalabani, pumzi ikimwishia, hakutunga sala mpya. Alisema, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” Hayo ni maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22, zaburi ya Daudi. Karne nyingi kabla yake mtu mmoja aliyeumia alikubali kuyaandika maumivu yake bila kuyapamba, na Mwana wa Mungu alipofika chini kabisa ya mateso yetu aliyakuta maneno yakimsubiri, akayachukua yakawa yake. Daudi angejikaza, angeandika tu nyimbo za shangwe, tusingekuwa na Zaburi ya 22. Mimi nikilifikiria hilo siwezi tena kumwambia mtu anyamaze.

Jumatano hii tutakutana kama kawaida, baada ya watu kutoka kazini. Kila mmoja aje na kitu kimoja alichokifanya wiki hii kwa mkono wake kuhusu jambo ambalo hajaweza kuliomba kwa sauti: ubeti mmoja, mchoro, udongo uliofinyangwa, hata kitambaa kilichoshonwa. Akina mama msioandika, njooni na wimbo, mjukuu atauandika. Asiyetaka kuonyesha cha kwake akae nacho mfukoni, hatutamwuliza. Tutasoma Zaburi ya 88 yote kwa sauti, na tutaishia pale Hemani alipoishia. Kisha kila atakayependa atasoma au ataonyesha, na jibu letu litakuwa Amina, bila mahubiri juu yake. Aliye na nusu ya ubeti alete hiyo nusu.