Aliyeuliza Buchenwald

Tarehe 9 Novemba mjukuu wangu karudi vidole vyeusi, ametoka na wenzake kusugua yale mawe madogo ya shaba ya barabarani, yenye majina ya Wayahudi waliotolewa majumbani mwao. Hapa Leipzig siku hiyo watu huyasugua na kuwasha mishumaa. Huku ananawa akaniuliza, bibi, wewe ulipokuja hapa walikufundisha nini kuhusu hawa? Nikamwambia ngoja nigeuze samaki kwanza, na samaki mwenyewe akaungua.

Ilikuwa 1985, enzi za Ujerumani Mashariki, DDR, tupo Herder bado, chuo cha lugha hapa Leipzig, tunavunjavunja Kijerumani. Basi zima la wanafunzi wa kigeni: Wavietnam, Waethiopia, Wamsumbiji, Wachile waliomkimbia Pinochet, sisi wa Tanzania wawili watatu, na vijana waliosomeshwa kwa mgongo wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina. Tunapelekwa Buchenwald, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi, kilimani juu ya mji wa Weimar. Mwezi wa nne lakini upepo wa kule usikie tu, mimi nimetoka Unguja na koti la kuazima.

Aliyetutembeza alikuwa mzee mmoja msafi, na beji ya chama kwenye koti. Akatusimulia habari za komredi Thälmann, kiongozi wa wakomunisti wa Ujerumani, alivyofungwa miaka 11 halafu wakaja kumpiga risasi humo humo Agosti 1944, akatusimulia wakomunisti walivyounda kamati ya siri kambini na kuficha silaha mpaka siku ya ukombozi, Aprili 1945. Jamani, tulisisimka. Mimi nimetoka kwenye nchi ambayo kila mkutano unaanza na zidumu fikra za mwenyekiti, hiyo lugha ya mabeberu na ukombozi ndiyo niliyonyonya, nikaona kumbe hawa ndugu zetu kabisa. Tukaweka shada la maua. Mmoja wetu akalia.

Halafu yule Mpalestina wetu akanyoosha mkono, vilevile kama darasani, akauliza: na Wayahudi?

Mzee akanyamaza. Namuona mpaka leo anavyovuta glavu kidole kimoja kimoja, akasema hapa waliteseka watu wa mataifa mengi, wote ni wahanga wa ufashisti. Kijana akauliza tena, sauti chini, ndiyo, lakini Wayahudi walikaa wapi? Mzee akamtazama mwalimu wetu, mwalimu akatazama saa, akatangaza kwamba chakula kinatusubiri Weimar. Tukaondoka.

Kwenye basi nilikaa naye, anamenya yai. Nikamuuliza, wewe tena, wewe ndiye wa kuuliza hilo? Akasema, sisi tunaambiwa watu hawa wamekuja kwetu kwa sababu ya hapa. Nimefika hapa, hawapo. Akala yai lake. Hatukulizungumza tena, na baada ya mwaka wa lugha alihamia mji mwingine.

Yaliyofuata mnayajua, ukuta ukaanguka, chama kikafa, mimi nikabaki na mume na kazi na baridi. 1993 waliweka kumbukumbu ya Wayahudi Buchenwald, pale ilipokuwa bloku 22. Baadaye nikasoma mwenyewe kwamba baada ya usiku wa 9 Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa nchi nzima na la hapa Leipzig mojawapo, wanaume Wayahudi karibu 10,000 walipelekwa kwenye kambi ile ile. Yaani sisi tuliweka maua pale pale.

Halafu ikaja Halle, Oktoba 2019, Wayahudi wako ndani ya sinagogi wanasali Yom Kippur, siku yao kuu ya toba, mtu na bunduki yake akashindwa kuuvunja mlango tu, akaua watu wawili nje. Halle ni treni ya nusu saa kutoka kwangu. Grupu letu la WhatsApp, wazee tuliosoma DDR, wote tulilaani, maana muuaji alikuwa Mnazi, mfuasi wa Hitler, na Mnazi tunamjua.

2023 ndipo nilipoona kazi. Gaza inapigwa, watoto wanafukiwa, mimi mwenyewe nilikwenda maandamano na nitakwenda tena, Tanzania ilivunja ubalozi na Israel 1973 na sijawahi kuona aibu kwa hilo. Lakini wiki ile ile Berlin watu wanachora nyota ya Daudi kwenye milango ya Wayahudi, sinagogi la Brunnenstrasse linarushiwa chupa za petroli, na kwenye grupu anaingia komredi mmoja, mtu niliyemheshimu miaka yote, na voisi ya dakika sita: Mayahudi ndio wenye benki zote, ndio wenye magazeti, hata Hitler kuna alichokijua.

Nikaandika: benki zipi, kaka?

Akajibu, dada umeshakuwa Mjerumani. Wakagonga vidole gumba kadhaa. Nikaandika tena, nikawakumbusha Buchenwald, nikawakumbusha yule kijana na swali lake. Mmoja akaniletea faragha, umesema kweli lakini mle siwezi kukuunga mkono, unamjua mwenyewe alivyo. Komredi akasema yule kijana alikuwa pandikizi. Pandikizi! Mpalestina wa PLO!

Na sijifanyi mshindi, maana huku nje nako kuna wanaopiga kelele kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi wakati hao hao mimi wangenipakia ndege kesho. Thuringia, mkoa wa Buchenwald yenyewe, AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, kilikuwa cha kwanza kwenye uchaguzi wa Septemba 2024, karibu asilimia 33. Kusimama nao siwezi. Kukaa kimya na komredi siwezi pia. Kwa hiyo nimekaa wapi? Mjukuu naye aliuliza hivyo hivyo, nikampa samaki.

Admin ameshatangaza grupu ni la misiba na sherehe tu, siasa marufuku. Voisi ya komredi hajaifuta.