Alhamisi yangu Dunga: picha moja, mahali palepale

Saa kumi na moja alfajiri

Nyalenda, mtaa wetu hapa Kisumu, bado imelala, isipokuwa majogoo na mama anayechoma mandazi pale kona. Leo ni Alhamisi, na Alhamisi zangu huanzia Dunga, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Tangu Machi 2019 mimi huenda ufuoni kila wiki kupiga picha moja: mahali palepale, lenzi ileile, upande uleule wa ziwa. Riziki yangu inatoka studio mjini, kwenye picha za pasipoti, harusi na matanga. Hii ya Dunga hakuna anayeilipia, lakini katika kazi zote za mikono yangu ndiyo ningependa ibaki.

Saa kumi na moja na nusu

"Dada, maji yamerudi nyuma wiki hii," kijana wa boda ananiambia kabla hata sijapanda. Siku hizi watu wananiletea habari za ziwa bila kuulizwa: viboko wameonekana wapi, mafunjo yamekatwa upande gani. Na kijana amesema kweli. Ziwa Victoria hujaa zaidi Mei na Juni, mito ikishateremsha mvua za masika, kisha hupungua polepole hadi Oktoba na Novemba. Sasa tuko mwanzo wa Novemba.

Tukifika, taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, bado zinawaka kule mbali. Omena hufuata mwanga, ndiyo maana huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hukaa nchi kavu. Kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ili samaki wazaane, ziwa lote huwa jeusi saa kama hii. Mgeni anayetaka kujua misimu ya Kisumu ningemwambia aanze na taa hizo, kisha ndiyo atazame kalenda.

Saa kumi na mbili

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na sina haraka nayo.

Kuna bamba la saruji karibu na mahali mitumbwi inapotia nanga. Juu yake nimepaka matone matatu ya rangi nyekundu, kila mguu wa stendi ya kamera na tone lake. Kamba yenye fundo inaning'inia kutoka kwenye kamera. Fundo likigusa saruji, urefu ni uleule wa wiki iliyopita. Halafu natazama mkuyu ulio upande wa kulia. Kuna tawi kavu ambalo ncha yake lazima iguse bonde dogo kati ya vilima viwili vya ng'ambo. Mti uko karibu na vilima viko mbali, kwa hiyo nikisogea hata kiganja kimoja, viwili hivyo vinaachana na najua nimehama.

Lenzi ni ya milimita 35, na pete yake ya kulenga nimeifunga kwa utepe mweusi ili isizunguke. Rangi nayo siiachii kamera ichague. Naiweka kwenye alama ya jua na hapo inabaki, mvua inyeshe isinyeshe. Jambo hili nalisisitizia kila anayeniuliza. Kamera ikiachwa ijiamulie, husawazisha kila kitu: hudhurungi ya matope ya Aprili inafifishwa, ukungu wa vumbi na moshi wa Januari unasafishwa, na mwisho wa mwaka una picha nzuri zinazofanana. Mimi nataka Januari ile inayomeza vilima vya Homa kabisa hadi unadhani ziwa halina ng'ambo. Nataka na Mei, mvua ikishaosha hewa, vilima vilevile vimesogea hadi unaona mikunjo yake.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini

Jua linachomoza nyuma yangu. Wengi hudhani sisi wa ikweta jua letu halibadiliki. Linabadilika. Mwanzo wa Novemba hapa Kisumu linatoka karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini, na Februari unalingoja hadi karibu saa moja kasoro dakika kumi. Hata mahali linapotua husogea: Juni linazama mkono wa kulia wa picha yangu, Desemba limehamia kushoto, upande wa Homa. Kwa hiyo sifuati saa ya simu. Nangoja jua litoke, nahesabu dakika ishirini, ndipo nabonyeza.

Leo mafunjo yaliyo kushoto yamekatwa. Wasusi wa mikeka wamepita juzi na visiki vimebaki vyeupe mfano wa karatasi, vimesimama kwenye maji meusi. Katikati mitumbwi ya omena inaingia. Magugu maji ni ukanda mwembamba kule nje, maana usiku na asubuhi upepo hutoka nchi kavu na kuyasukuma mbali. Anga ni kijivu kizito. Hakuna cha kumvutia mtalii.

"Oyawore, nyara," mzee anayeshona nyavu ananisalimia kwa Kijaluo.

"Oyawore ahinya, baba."

"Leo hakuna jua la maana. Si ungengoja kesho?"

Namwambia nikingoja siku nzuri, nitakuwa na mkusanyiko wa siku nzuri tu, na mtu atakayezitazama baadaye atadhani Dunga haikuwahi kuwa na wingu. Mzee anatikisa kichwa kukubali. Yeye alikuwa mtoto wakati wa mvua za miaka ya Uhuru, ziwa lilipopanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964. Ukimuuliza maji yalifika wapi, ananyoosha kidole na kusema, "Hadi pale." Wazee wengine wawili wamewahi kuninyooshea vidole, kila mmoja na "pale" pake. Siwalaumu hata kidogo. Ni zaidi ya miaka sitini, na ufuo wenyewe umebadilika. Lakini vidole vile ndivyo vilivyonifanya nipake matone mekundu kwenye saruji.

Mei 2020 zamu ilikuwa yangu. Kwenye kipimo cha Jinja, kule Uganda, ziwa lilifika mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na bamba langu likazama. Nilivua viatu, nikalitafuta kwa nyayo, nikasimamisha miguu ya stendi mmoja mmoja chini ya maji huku mzee huyuhuyu akinisimamia kuangalia viboko. Fundo la kamba lilielea. Ilibidi nilivute chini hadi kwenye saruji. Picha ile inaonyesha mkuyu umesimama majini na vibanda viwili vimebaki mapaa.

Saa mbili hadi saa sita

Studio. Picha za pasipoti, mwanafunzi wa kitambulisho, na familia iliyokuja kuchagua picha ya marehemu ya kuweka kwenye tangazo la mazishi. Hiyo ya mwisho huwa siiharakishi.

Saa saba

Simu inaita. Ni mama mmoja anayekaanga samaki Dunga, ambaye kibanda chake cha zamani kiliondoka na mafuriko. Anajenga kingine, na fundi anataka kumwaga sakafu wiki ijayo.

"Mwanangu, zile picha zako za maji mengi bado unazo?"

"Ninazo, mama."

"Niletee za Mei. Za 2020 na za 2024, miaka yote miwili ziwa liliponifuata mlangoni. Huyu fundi ananiambia sakafu inatosha, nami moyo unakataa."

Nimefungua faili mara moja. Kila picha naipa jina kwa mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo, hivyo zinajipanga zenyewe. Nikazikuza kwenye skrini hadi shina la mkuyu likajaa. Lina kovu, mahali tawi lilipokatwa zamani, na ukitulia unaona vizuri mstari wa maji uko wapi ukilinganisha na kovu lile. Nimezichapisha kubwa, nne, nikafunga mlango mapema.

Saa kumi jioni

Dunga ya jioni si ile ya asubuhi. Ardhi imeshapata moto, upepo umegeuka na unavuma kutoka ziwani, na magugu yaliyokuwa ukanda mwembamba yamerudi yote. Ghuba imezibwa, zulia la kijani lenye maua ya zambarau, na mtumbwi mmoja umekwama ndani yake huku wanaume wawili wakiusukuma kwa miti. Ni saa chache tu. Mtu akipiga leo asubuhi na wiki ijayo alasiri, atasema magugu yameongezeka ajabu. Mara nyingine huongezeka kweli. Mmea huu wa Amerika Kusini ukipata joto na mbolea inayoletwa na mito, unaweza kujirudufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Lakini huwezi kujua kama ni ongezeko au ni upepo usiposhika saa ileile.

Tumekwenda kwenye mkuyu watatu: mama, fundi na mimi. Fundi ni mtu makini. Amezitazama picha kwa muda mrefu, akapima kwa futi kutoka kwenye kovu, akachora mstari wa chaki kwenye gome pale maji yalipofika juu zaidi. Kisha akatoa ule mpira mwembamba unaojazwa maji, ambao mafundi huutumia kupata usawa, akaniwekea ncha moja mkononi niishike kwenye chaki. Yeye akaenda na ncha ya pili hadi kwenye kiwanja. Maji ndani ya mpira yakacheza, yakatulia. Akaweka alama kwenye kigingi.

Alama ilikuwa juu ya kamba ya sakafu kwa zaidi ya shibiri moja.

"Sasa umeona?" mama akamuuliza.

"Nimeona, mama. Tutaongeza kozi mbili za mawe."

Ilianza kunyesha kabla hatujakunja mpira. Mama alikataa nirudishe zile picha. Amezitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zake za kiwanja. Akanipa ngege wawili waliokwisha kukaangwa, akaniambia nisibishane naye.

Saa tatu usiku

Picha ya leo imeingia kwenye diski mbili. Moja inakaa hapa, nyingine kwa dada yangu Kondele. Nimeiweka kando ya zile za Novemba za miaka iliyopita. Mafunjo ya mwaka huu yamekatwa mapema zaidi, na safu ya kwanza ya mitumbwi imesogea kidogo kulia. Sijui bado ni kwa nini. Nitamuuliza mzee wa nyavu.

Alhamisi ijayo nina harusi Vihiga, kwa hiyo mdogo wangu ndiye atakayekwenda. Nimemwandikia kwenye karatasi: miguu kwenye matone, fundo liguse saruji, tawi liguse bonde, utepe usiondolewe, dakika ishirini baada ya jua. Amesoma, akauliza afanye nini mvua ikinyesha.

Nimemwambia apige hivyo hivyo. Mwavuli mkubwa uko nyuma ya mlango.