Fungua kidogo, upate moto

Wageni wetu wa kutoka Kisumu hugombana sana na shawa ya stima. Kule joto la ziwani limewazoesha kuoga maji jinsi yalivyo. Hapa Nakuru, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya Julai haitaki ushujaa huo.

Juzi ilikuwa zamu ya shangazi. Nilimwashia ile swichi kubwa nyekundu nje ya bafu, akaingia, na muda si muda akaita:

"We mtoto, maji yenu ni barafu!"

"Punguza maji, shangazi."

"Nipunguze? Si nimekwambia nataka moto?"

Alikuwa na haki. Mfereji umemfundisha tangu utotoni kwamba ukifungua zaidi, unapata zaidi. Redio ni hivyo, jiko la gesi ni hivyo. Kumbe mfereji wa shawa hauna habari na moto; kazi yake ni maji tu. Koili ya ndani, ule waya unaopasha maji yakipita, hutoa joto lile lile kila dakika. Chukua shawa ya wati 5,400: yakipita lita 3 kwa dakika, maji hupanda kama nyuzi 26, yakipita lita 6, unapata nyuzi 13 tu, na maji ya tangi yalilala nje usiku kucha.

Mpaka hapo mtu akielezwa ataelewa. Kinachoniudhi mimi ni kinachofuata. Ukizidi kupunguza, presha haitoshi tena kusukuma kiwambo, ule utando unaobana swichi ya ndani. Stima inakatika, na unamwagikiwa na baridi ukiwa na povu machoni. Kwa hiyo "punguza upate moto" ni kweli hadi mahali fulani, na mahali penyewe hapana alama. Unasikia "tak", mvumo unakoma. Ghorofa ya juu kabisa, karibu na tangi, presha ni ndogo, na kati ya vuguvugu na "tak" pana nafasi ya ukucha. Sisi wenyeji tunaoga kwa masikio, halafu tunamwita mgeni mshamba!

Alama iliyopo kwenye kifuniko cha shawa ni ya kiangazi na majira ya baridi kali. Hapa, karibu na ikweta, sijui nani aliulizwa.

Si kwamba vitu vikipingana lazima watu washindwe. Wakala wa M-Pesa pale chini ana simu yenye 1 juu na kikokotoo chenye 7 juu, na vidole vyake havikosei. Lakini yeye akibonyeza vibaya anaiona namba kwenye kioo kabla ya kutuma. Shangazi alionyeshwa nini?

Kesho yake aliomba sufuria na beseni. Nikamwambia shawa ni nzuri akishaizoea.

"Izoeeni nyinyi," akasema, akimimina ya moto juu ya baridi na kuyapima kwa kiwiko. "Leo nina safari."