Siku nane Goma na daftari la michoro

Sisi wa Bukavu tumezoea majani mabichi na udongo mwekundu. Ndiyo maana Julai 2018, niliposhuka kwenye meli ya usiku bandarini Goma nikiwa na daftari dogo, penseli mbili na kifutio, macho yangu yalikosa pa kutua. Barabara nyeusi, kuta nyeusi, vumbi jeusi. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na ukungu wa vumbi ulikuwa umeufunika mlima Nyiragongo, mita 3,470 zote, usingejua kama upo.

Nilijiwekea ukurasa mmoja kila siku kwa siku nane nilizokaa kwa mama mkubwa, Majengo. Wa kwanza niliuharibu. Nilikaa mbele ya ukuta wa mawe ya lava, nikachora jiwe mojamoja na kulipaka penseli mpaka likolee. Saa nzima ikapita, nikabaki na doa la kijivu linalong'aa. Mwenye nyumba naye akatoka kuniuliza ni nani amenituma kupima parseli yake, yaani kiwanja chake. Tangu hapo nikawa nasalimia kwanza, naonyesha kurasa zangu, ndipo naomba kuchora.

Siku ya pili nilirudi palepale nikaangalia tu. Fundi alikuwa ameacha saruji itune kati ya mawe, ya kijivu hafifu, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Hiyo ndiyo jicho linaiona mwanzo, jiwe linafuata. Basi nikaiacha iwe karatasi tupu, nikajaza nafasi zilizobaki. Penseli niliiweka kando, nikaomba kipande cha makala, yaani mkaa, jikoni.

"Makala ya kuchora?" mama mkubwa akashangaa. "Chukua, mwanangu, ila usinimalizie gunia."

Makala ni meusi yasiyong'aa, na yakipita juu ya karatasi yenye mikwaruzo yanaruka vitundu vidogo vyeupe. Jiwe la lava nalo limejaa matundu, pale gesi ilipotokea likiwa bado moto. Ukuta ukasimama kwa robo saa. Ubaya wake ni kwamba yanachafuka ukiyagusa tu, kwa hiyo kila ukurasa niliuwekea karatasi nyembamba juu yake.

Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ilinipa shida nyingine, maana haitulii. Inateremka na kabichi na viazi kutoka Kibumba, na mjini inabeba bidoni za maji. Goma haina mto. Mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye mawe, na Ziwa Kivu liko bondeni, kwa hiyo maji lazima yapandishwe. Niliacha kuichora nzima. Nilimsubiri kijana mmoja apumzike, nikachora mahali pamoja tu: kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari juu ya ubao, anapoweka goti huku mguu mwingine ukisukuma. Katikati kilikuwa kimelika hadi kikawa shimo la duara. Yeye alikuwa ameketi pembeni anakunywa maji, goti lake bado liko pale kwenye tairi. Huo ndio ukurasa ninaoupenda kuliko yote.

Usiku wa sita ukungu ukapasuka. Wakati ule, kabla ya mlipuko wa 22 Mei 2021, ziwa la lava lilikuwa bado linachemka ndani ya kreta, na mawingu juu ya mlima yalikuwa mekundu. Rangi sikuwa nayo. Nikakumbuka viatu vyangu: kwenye mifereji ya soli bado kulikuwa na udongo wa kwetu Bukavu. Niliukwangua kwa pini, nikautia tone la maji, nikaupaka kwa kidole juu ya mlima wa makala.

Asubuhi nilimwonyesha mama mkubwa. Alinyamaza kwanza. Kisha akaweka kidole chini ya ule wekundu. "Ilianzia huku ubavuni," akasema, akakishusha polepole, akionyesha njia ya lava ya 17 Januari 2002: ikafika uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikaingia ziwani. Kidole kilipofika ukingo wa karatasi kilikuwa kimeburuta makala, kikaacha mstari mweusi kutoka mlimani hadi chini.

Kifutio kilikuwa mfukoni. Sikukitoa.