Kitabu changu cha mizimu cha 1907 kimepona, na sikukata picha hata moja

Karibu kila aliyekishika kitabu hiki alinipa ushauri uleule: kata picha. "Mzee, chenyewe kimeshachoka. Toa picha, tia fremu, kila moja unauza laki." Aliyeniuzia aliniambia hivyo, jirani yangu hapa Kibuli akaniambia hivyo, na hata mtu anayejua vitabu kuliko mimi akasema hivyo. Huko Uingereza na Marekani biashara hiyo ipo kweli: vitabu vilivyochorwa na Arthur Rackham vinachanwa, picha zinauzwa mojamoja, maandishi yanatupwa. Inaniuma. Naandika kwa ajili ya yeyote hapa Uganda mwenye kitabu cha namna hii ndani ya sanduku la marehemu babu, kabla hajakutana na washauri kama wangu.

Kitabu ni The Ingoldsby Legends. Aliyekiandika ni Richard Harris Barham, kasisi wa Kianglikana aliyehudumu katika kanisa kuu la St Paul's, London, na akajificha nyuma ya jina la Thomas Ingoldsby. Hadithi zilianza kutoka mwaka 1837 katika jarida la Bentley's Miscellany, na kitabu cha kwanza kikatoka 1840. Ni mizimu, wachawi na watakatifu, lakini imeandikwa ili ucheke. Kuna kijana mwanajeshi mgeni kwenye nyumba ya kale, kila asubuhi akiamka suruali haipo, naye anaapa ameuona mzimu wa bwana wa zamani wa nyumba ile ukiivaa na kuondoka nayo. Rafiki yake anakesha kumlinda, ndipo anamwona kijana mwenyewe anatembea usingizini, suruali mkononi, anakwenda kuifukia bustanini! Kuna kunguru aliyeiba pete ya Kardinali. Kardinali akamlaani mwizi asiyemjua, akilala, akila, akipiga chafya, laana ndefu kabisa, na ikamshika kunguru peke yake hadi manyoya yakamsimama ovyo.

Rackham alizichora hadithi hizi mara ya kwanza mwaka 1898 kwa ajili ya mchapishaji Dent wa London. Mwaka 1907 akazirudia, akazirekebisha na kuongeza picha za rangi. Changu ni hicho cha 1907.

Nilikipata kwa wauza vitabu wa chini, karibu na stendi ya zamani ya teksi, kimelala kati ya vitabu vya hesabu vya sekondari na Biblia. Nililipa kama elfu themanini, labda tisini. Nilihakikisha palepale. Pitisha kidole nyuma ya ukurasa wa maandishi: vitabu vya wakati ule vilipigwa chapa kwa herufi za madini ya risasi, na herufi zimeng'ata karatasi, unazisikia. Picha za rangi ziko kwenye karatasi yake yenyewe inayong'aa, zimebandikwa kwa gundi, kwa sababu uchapaji wa rangi tatu wa siku zile ulihitaji karatasi iliyopakwa udongo mweupe ikawa laini kabisa. Halafu soma jina la mchapishaji. Ikiwa ni "J. M. Dent & Co." ni kabla ya 1909, kwa maana baada ya hapo walijiita "& Sons".

Basi nilikuwa nacho, lakini kilikuwa na wageni. Unga mwembamba ulidondoka mgongoni kila nilipokifungua, na tundu moja la dumuzi lilipita kutoka jalada la nyuma hadi katikati ya kile kisa cha suruali. Nikaambiwa nianike juani. Jua la Kampala la saa saba linapindisha jalada na kufifisha rangi, na dumuzi anarudi ndani zaidi kwenye kivuli. Nikaambiwa niweke vidonge vya nondo. Hivyo nilivijaribu, nikafunga kitabu navyo ndani ya boksi. Nyumba nzima ilinuka, mke wangu akahamishia boksi barazani, na nilipofungua, unga mpya ulikuwa unanisubiri.

Kinachoua dumuzi bila kugusa karatasi ni baridi. Maktaba kubwa duniani zinafanya hivyo: nyuzi 20 chini ya sifuri, angalau wiki nzima. Friji ya nyumbani haifiki hapo, na umeme wetu unajulikana. Nikafikiri, nani Kampala ana baridi ya kweli na jenereta? Watu wa samaki! Nikapanda boda hadi Ggaba, kwa mama mmoja ninayenunua kwake ngege siku zote. Ana friza ndefu kama jeneza, imejaa mputa wa kwenda hotelini.

"Mzee, unataka niweke kitabu kwenye samaki?"

"Kimefungwa, mama. Harufu haiingii, wala wadudu hawatoki."

"Kitabu cha nini?"

Nikamweleza mzimu unaoiba suruali. Akaita wasichana wake wawili wakaacha kupaa magamba, ikabidi nieleze tena kutoka mwanzo, na nilipofika kwenye bustani walikuwa wameketi juu ya makreti wakipangusa macho. Friza nikapewa bure. Nikamwachia pesa kidogo ya dizeli, akakataa, nikamwachia hivyohivyo.

Lakini angalia ufungaji, kwa sababu hapo ndipo watu wanaharibu. Kitabu nilikizungushia karatasi nyeupe isiyo na maandishi, nikakitia ndani ya kavera nzito, yaani mfuko wa plastiki, nikakamua hewa yote, nikaziba kwa tepu, nikakitia kavera la pili. Siku ya kukitoa usifungue! Kiache kimefungwa siku nzima hadi kipate joto la chumba. Umande utatokea, utaukuta umekaa juu ya plastiki. Ukifungua mapema umande huo utakaa juu ya picha, na ile karatasi ya udongo ikilowa na kukauka imegusana na nyingine, zinakuwa kitu kimoja na hakuna fundi atakayezitenganisha. Mama wa samaki alinipigia simu kuuliza kama mzimu umekufa. Nikampelekea habari njema: tangu siku ile sijaona unga.

Mgongo ulikuwa umeachia na picha tatu zilikuwa zinachezacheza. Nikaenda Nasser Road, kwa fundi mmoja wa kujalidi, kijana mwenye mikono mizuri. Kabla sijakaa alikuwa tayari amekielekeza kitabu kwenye mashine ya kukatia karatasi ili anyooshe kingo. Nikaweka mkono wangu juu ya jalada. Ukikata kingo za kitabu cha zamani umekipunguza milele. Gundi yake nyeupe ya plastiki pia nikaikataa, maana ikishakauka haifunguki, na atakayekitengeneza miaka hamsini ijayo atalazimika kuchana. Nilikuja na gundi yangu.

Gundi hiyo ni unga wa ngano tu. Nilianza na muhogo, nikaujaribu kwenye gazeti kuukuu, ukachacha haraka na kuacha mabonge ya kahawia. Ngano ndiyo. Unakanda donge kama la chapati, unalisugua ndani ya bakuli la maji hadi maji yawe meupe kama maziwa na mkononi ibaki ile mpira ya ngano, unaitupa. Maji yaache usiku kucha, wanga unatuama chini, mwaga maji ya juu. Wanga huo upike kwa maji kidogo huku unakoroga hadi ung'ae, uuchuje kwenye kitambaa. Ukibandika leo, mjukuu wako akitaka kubandua, unyevu kidogo unatosha. Fundi alicheka mwanzoni. Kisha akachovya brashi, akabandika picha ya kwanza kwa mstari mwembamba ukingoni, akaiinua kuitazama, akaniuliza ninavyoipika. Sasa naona anaitumia kwa Misahafu ya watu. Alinitoza elfu thelathini hivi.

Moja ya zile picha tatu ni ya bibi kizee wa kwenye nyika ya Tappington. Beti zinasema pua yake imepinda, mgongo umepinda, macho mekundu yenye matongo, na umri wake ni themanini kwenda juu. Soma beti hizo kwa sauti, kisha inua ile karatasi laini inayofunika picha: watoto wa dada yangu wanapiga kelele kila mara, ingawa wanajua kinachokuja. Sasa itoe picha hiyo uitundike kwenye ukuta wa hoteli. Utakuwa na bibi kizee. Nani atajua kwamba anachekesha? Rackham aliisoma hadithi kwanza, akachora kumjibu Barham, nawe unataka kumtenga na mwenzake kwa laki moja?

Kukihifadhi ni kazi ndogo. Hakigusi ukuta, kwa sababu kuta zetu zinatoa maji Aprili na Novemba. Kiko ndani ya boksi la katoni lenye matundu madogo, na pembeni kuna kipima unyevu nilichonunua kwa muuza vifaa vya kuangulia vifaranga. Kikipanda juu ya 65 kwa mia kwa muda mrefu kuvu inakaribia, kwa hiyo nafungua boksi mbele ya feni na kupekua kurasa polepole. Wadudu wale wembamba wenye rangi ya fedha wanapenda gundi ya wanga kuliko chochote, basi boksi hukaguliwa kila wiki wakati wa mvua, pembe zote, kwa tochi.

Sasa natafuta The Canterville Ghost ya Oscar Wilde. Hadithi ilitoka 1887: mzimu wa Kiingereza unahangaika kuitia hofu familia ya Wamarekani, nao wanaupa mafuta ya kulainishia minyororo yake. Nataka toleo lililotoka Boston mwaka 1906, lenye michoro ya Wallace Goldsmith. Mwenye kuliona kwa wauza vitabu wa Jinja, Mbale au Kampala yenyewe anijulishe, hata kama jalada limeondoka na dumuzi wamo. Friza ninayo.