Ukurasa wa Ruta Uliokataa Kufunguka

Jumamosi iliyopita, nyumbani kwangu Kasarani, niliamua kubadilisha nywila ya Wi-Fi, kwa kuwa nilishuku kwamba nusu ya ploti ilikuwa ikijihudumia. Niliandika 192.168.1.1, anwani ya kawaida ya ruta (kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani), kwenye kivinjari, kama wengi tulivyozoea, na ukurasa ukazunguka tu bila kufunguka. Nilizima data ya simu, kwani wakati mwingine simu huitafuta anwani hiyo nje ya nyumba, lakini hali haikubadilika. Hatimaye nilifungua maelezo ya Wi-Fi kwenye mipangilio ya simu, nikaona kwamba anwani ya lango ilikuwa 192.168.100.1, ambayo ndiyo ruta yenyewe.

Ukurasa ulifunguka, lakini nywila iliyobandikwa chini ya ruta ilikataliwa, maana fundi aliyeifunga alikuwa ameibadilisha bila kuniarifu. Nilishawishika kubonyeza kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani kwa sekunde kumi, kisha nikakumbuka kwamba kitufe hicho kingefuta pia jina na nywila za kuunganishia intaneti, ambazo sikuwa nazo. Nilimpigia fundi simu. Akanitumia nywila baada ya dakika chache, bila hata kuomba radhi.